Mikebe Mitatu ya Asumini

Mtongwe, Likoni
Jumatatu, 5 Mei 2025

Kwa mdogo wangu Zubeda,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai waraka huu utakukuta mzima, wewe na watoto, na miche yako inauzika. Huku Mtongwe sote tu wazima, alhamdulillahi. Shemeji yako Ruwaida anakusalimu sana, na Jafar naye anamwamkia shangazi yake.

Najua utashangaa kuletewa barua ya karatasi zama hizi. Lakini siku ya hitima ya mama ulisema mbele ya watu kwamba hutaki kuisikia sauti yangu tena maishani mwako, na namba yangu ukaifungia. Miaka mitatu nimeliheshimu neno lako. Juu ya mwandiko wangu hukusema kitu, basi nimepenya hapo hapo. Anayekuletea ni Kaviha, huyo huyo unayemwajiri hapo kitaluni. Nyumba yao na yetu zinatazamana, na kila asubuhi anavuka feri kuja kwako. Usimgombeze, mjumbe hauawi.

Jambo lenyewe ni ule mti wa asumini wa mama, uliokuwa pale Frere Town mbele ya dirisha la chumba chake. Mpangaji wetu ameung'oa ili apate pa kuegesha tuktuk. Jafar alipokwenda kutazama mfereji unaovuja aliukuta nje ya ukuta, umelala chali, nusu umekauka. Akakata vijiti vitatu vilivyokuwa bado vibichi akaniletea, nami nikavipanda kwenye mikebe ya samli, kila kimoja na mkebe wake. Mwanzo vilinifurahisha, vikatoa majani. Sasa majani yamegeuka manjano, yanaanzia chini yanapanda juu, na vijiti vyenyewe vimesimama pale pale, havikui wala havifi.

Zubeda, hakuna mti mwingine. Hivyo vitatu ndivyo vilivyobaki. Wewe ndiye mwenye mkono wa mimea katika tumbo letu. Mimi hata mchicha hunikataa, wajua. Niambie nifanye nini.

Nduguyo wa tumbo moja,
Kaka Khatibu


Mlaleo, Kisauni
Alhamisi, 8 Mei 2025

Khatibu,

Wa alaykum salaam. Nimeitikia kwa sababu kuitikia salamu ni wajibu, usije ukajenga ghorofa juu yake.

Nilitaka kuirudisha barua yako kama ilivyokuja. Kaviha akasimama mbele yangu na koleo mkononi, akaniambia, "Mama Zubeda, isome tu, si ya ugomvi hiyo. Ni ya miti." Nikaisoma.

Kwa hiyo mti wa mama umeng'olewa, na mimi niko hapa Mlaleo, mwendo wa tuktuk moja hadi Frere Town, na napata habari mti umeshakauka. Sishangai. Kwenu habari hunifikia shughuli ikiwa imekwisha. Mama naye mlimzika nami nikiwa njiani natoka Malindi. Sina la kuongeza hapo.

Nitajibu la asumini tu. Majani yakianza manjano kutoka chini, mizizi ina shida, si majani. Huwezi kuniuliza dawa bila kunieleza mgonjwa anakaa wapi na anakula nini. Udongo umeutoa wapi? Umeuchanganya na mbolea, na kama umeuchanganya, ni mbichi au iliyokaa? Hiyo mikebe ya samli umeitoboa chini, au umeiacha kama ilivyotoka dukani? Inapata jua, na la wakati gani? Maji unayotia ni ya mfereji au ya kisima, na unatia mara ngapi? Usinijibu "kiasi". Kiasi chako nakijua, ni cha mtu aliyekuwa akitia chumvi kwenye mchuzi kwa kiganja.

Sisemi nawe. Nasema na asumini.

Binti wa Bi Ummulkheir


Mtongwe, Likoni
Jumapili, 11 Mei 2025

Kwa mdogo wangu Zubeda,

Assalaam alaykum. Nimefurahi kuuona mwandiko wako, hata kama umeninunia tangu mstari wa kwanza. Mimi ni mzima, nyumba nzima ni wazima, masika imetulowesha kuta lakini tunashukuru.

Nakujibu kama mwanafunzi. Udongo Jafar aliutoa nyuma ya shule, mwekundu kidogo, unashikamana. Mbolea ni ya mbuzi wa jirani, na kwa kweli sikungoja ikae, niliipokea asubuhi nikaitia jioni. Mikebe sikuitoboa. Nilidhani mkebe ukitobolewa maji yatapotea bure, na maji hapa kwetu ndiyo dhahabu. Imepangwa barazani chini ya paa, mvua haiifikii. Jua inapata la asubuhi, likipanda linaipita.

Maji ni ya kisima cha msikiti, kwa sababu ya mfereji hatujayaona tangu mfungo. Ni kweli yana chumvi kidogo, sabuni haitoi povu.

Umenichekesha kwa ile chumvi ya kiganja. Ruwaida ameniona nikicheka peke yangu akadhani nimeshikwa na pepo. Ule mchuzi mama aliula wote, mkumbuke, ni wewe uliyeutema.

Kaka Khatibu


Mlaleo, Kisauni
Jumanne, 13 Mei 2025

Khatibu,

Wa alaykum salaam.

Mama aliula kwa sababu ulikuwa mwanawe wa kiume, na mwana wa kiume akipika hata mawe yanaliwa.

Umefanya makosa matatu na kila moja peke yake linatosha kuua. Mbolea mbichi ina moto, inaunguza vizizi kabla havijashika. Maji ya kisima chenu nayajua, chumvi yake hubaki kwenye udongo na kila siku inaongezeka, mche unakaa kwenye maji na una kiu. Na mkebe usio na tundu si mkebe wa kupandia, ni sufuria.

Sasa sikiliza. Toboa kila mkebe matundu manne au matano kwa msumari mnene. Punguza ule udongo wa juu wenye mbolea, ujaze mchanga uliochanganywa na udongo mweusi. Kaviha anakuletea mfuko mmoja kutoka kwangu. Maji nunua ya mkokoteni, yaliyo baridi, yasiyo na chumvi, na kabla hujatia ingiza kidole hadi kifundo cha pili. Ukisikia unyevu, acha. Asumini inataka kunywa, ikauke kidogo, ndipo inywe tena. Majani yaliyokwisha kuwa manjano hayatarudi kijani, usikae ukiyatazama kila asubuhi kwa huzuni. Tazama kichwani, kwenye jani jipya. Usikivute kijiti kuona kama kimeshika. Najua mkono unakuwasha, lakini usikivute.

Baada ya wiki tatu niandikie. Si kabla.

Binti wa Bi Ummulkheir


Mtongwe, Likoni
Jumanne, 3 Juni 2025

Kwa mdogo wangu Zubeda,

Assalaam alaykum. Mimi ni mzima, alhamdulillahi.

Nimefanya kama ulivyosema. Matundu yapo, mchanga wako upo, maji ni ya mkokoteni. Kimoja kimekufa. Viwili vilivyobaki vingali manjano, na kile kilichokuwa na jani jipya kimelidondosha. Nimesikitika kuliko nilivyotarajia. Nilitaka vishike kwanza, ndipo nivichukue mwenyewe kwa mikono yangu nivuke nikuletee mlangoni kwako, sasa naona vitanifia hapa hapa.

Samahani mwandiko ni mfupi. Idi imekaribia na nyumba ina wageni.

Kaka Khatibu


Mlaleo, Kisauni
Jumatano, 4 Juni 2025

Khatibu,

Kuna kitu hukuniambia. Mche wa mkebe wenye matundu, wenye mchanga, wenye maji baridi, ulio chini ya paa, haufi hivyo. Au kidole chako kimekufa ganzi, au mtu mwingine anatia maji na wewe hujui.

Chota udongo kiganja kimoja kutoka kwenye mkebe wa kile kilichokufa, kutoka katikati, usichote wa juu. Utie kwenye mfuko wa nailoni uufunge, mpe Kaviha. Nitauona mwenyewe.

Idi njema.

Zubeda


Mlaleo, Kisauni
Jumanne, 10 Juni 2025

Kaka Khatibu,

Udongo wako ulinifikia jana. Hukuutilia hata karatasi moja ya salamu, na hilo lilinishtua kabla sijaufungua.

Nikaufungua. Kwanza niliukamua mkononi, ukatoa maji kama kitambaa cha kudekia. Baada ya hapo nikaunusa. Udongo uliooza nanusa kila siku, ni kazi yangu, una harufu ya mtaro. Huu haukuwa hivyo. Ulinuka marashi mawaridi. Nikauweka kwenye sahani nyeupe nikaumwagia maji, maji yakageuka rangi ya zafarani.

Nikakaa chini hapo hapo, kwenye mifuko ya udongo, mbele ya wateja.

Mimi ni mtoto wa nyumba ile ile uliyotoka wewe. Nimemwona maalim akija kwetu na kalamu yake ya ubua, akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani, akaziosha kwa maji na marashi, mama akamnywesha baba. Na najua kombe likibaki halimwagwi chooni wala pa kukanyagwa na miguu ya watu. Linamwagwa penye udongo safi, kwenye shina la mti. Mama akimwaga kwenye mti ule ule wa asumini.

Kwa kombe moja mti haufi. Udongo huu umemwagiwa makombe mangapi? Na makombe hayaandikwi kwa mtu aliye mzima. Nimezitoa barua zako zote nikazisoma tena. "Sote tu wazima." "Mimi ni mzima, nyumba nzima ni wazima." "Mimi ni mzima, alhamdulillahi." Nani anayeandikiwa makombe katika nyumba hiyo ya wazima?

Nilimuuliza Kaviha. Akaangua kilio, akasema umemwapisha. Nikaifungua namba yako nikakupigia. Mtu akapokea, akapumua, akakata. Nikapiga tena, simu imezimwa.

Nijibu leo leo. Kaviha nimempa ruhusa ya kurudi mapema.

Zubeda


Mtongwe, Likoni
Jumatano, 11 Juni 2025

Kwa mdogo wangu Zubeda,

Assalaam alaykum. Aliyepumua kwenye simu ni mimi. Sikukukatia kwa kiburi. Sauti imekwenda, Zubeda. Mwezi wa Ramadhani ilikuwa imekwaruza, watu wakasema ni mafua, baadaye ikawa mnong'ono, sasa hata mnong'ono unaniuma. Nilipoiona namba yako nilisahau, nikabonyeza, nikafungua mdomo.

Ni koo. Kuna uvimbe, na si wa kheri. Daktari wa hospitali kubwa amesema nilikwenda nimechelewa, amenipa dawa za maumivu na maneno mazuri. Uji napewa kwa kijiko, kidogo kidogo.

Watu wa Mtongwe hawaniachi. Kila anayekuja kuniangalia anakuja na kombe la maalim wake, huyu la Mtongwe, yule la Kipevu kwa madereva wenzangu wa zamani, mwingine amevuka kutoka Mkomani. Natia mdomoni nusu kijiko kwa baraka, zaidi haipiti. Linalobaki nalipeleka wapi? Ua wetu wote umetiwa saruji, kila shimo linakwenda mtaroni. Udongo usiokanyagwa katika nyumba hii ulikuwa kwenye mikebe mitatu tu. Nikawa naimwagia asumini. Nilijua yanazidi. Ulipouliza maji natia mara ngapi nililiruka swali, kwa sababu ningelijibu ungejua.

Utaniuliza kwa nini nilikuficha. Kwa sababu hungekuja kwangu, ungekuja kwa ugonjwa. Ningekuona umekaa pembeni ya kitanda, unanisamehe kwa huruma, na sikuutaka msamaha wa namna hiyo. Na tena sina la kusamehewa. Nalisema wazi, maana sina muda wa kuzungusha. Maiti hasubirishwi, ndivyo tulivyofundishwa mimi na wewe katika chuo kimoja cha Kurani. Mama alikufa alfajiri, tulikungoja hadi alasiri, na magari yalikuwa yamefungana Mtwapa. Wazee waliniuliza, nikasema tumzike. Ningerudi siku ile ningesema vile vile.

Basi usije. Niandikie tu, na unisaidie na hivi viwili vilivyobaki. Nataka uwe na kitu cha mama mkononi, nami nimeshindwa kukitunza.

Kaka Khatibu


Mlaleo, Kisauni
Jumamosi, 14 Juni 2025

Kaka Khatibu,

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Moja ilikuwa na matusi, ningeona haya mbele ya Kaviha.

Koo lako limenitoa usingizi. Naamka namwombea mtu ambaye nilikuwa nimejizoesha kutomtaja. Halafu nakumbuka ulivyoandika "sina la kusamehewa", naisimamisha dua.

Wewe unadhani nimekasirikia sheria. Sheria naijua, na hata imamu wa huku kwetu hajapata kunisikia nikiikanusha. Mimi nimekasirikia uso. Nilifika pale Frere Town jua linakwenda, nimekimbia kutoka barabarani na viatu mkononi, nikakuta wanaume mnarudi makaburini. Wanawake wakanikumbatia. Mimi nilikuwa nakutazama wewe, na miguu yako ilikuwa na mchanga hadi kwenye magoti. Wewe uliuona uso wa mama. Mimi niliuona mchanga wa kaburi lake kwenye miguu yako. Miaka mitatu nikimkumbuka mama ndiyo ninayoiona, hiyo miguu. Nikijaribu kuuona uso wake wa mwisho hauji. Waosha maiti wameniambia, "Alikuwa mzuri, alikuwa amelala." Kila maiti huambiwa hivyo.

Na sasa wewe nawe wanificha uso wako, waniandikia nisije. Vyema. Umesema nisije, basi siji.

Kuhusu miti. Vitoe vyote viwili kwenye mikebe, polepole, kwa kijiko. Vioshe mizizi. Iliyo ya kahawia na laini ikate kwa wembe, bakisha nyeupe. Halafu uvipande kwenye mchanga mtupu wa mto, hamna mbolea, hamna udongo mwekundu, na visinyweshwe hadi mchanga ukauke kabisa. Makombe yasimwagwe humo tena hata tone. Mwambie Jafar achukue nyundo avunje saruji kona moja ya ua, pale penye ukuta pasipopitwa na watu, achimbe, amwagie hapo. Nyumba isiyo na kipande cha udongo nayo ni nyumba gani.

Umwambie Ruwaida uji autie tui la nazi jepesi, litateleza.

Zubeda


Mtongwe, Likoni
Ijumaa, 27 Juni 2025

Zubeda,

Assalaam alaykum. Leo siandiki kwamba mimi ni mzima.

Jafar alivunja saruji siku ile ile, amepiga nyundo hadi jirani akaja kuuliza kama tunajenga. Sasa tuna kona ya udongo na kila kombe linakwenda huko. Vijiti nilivitoa kama ulivyosema. Kimoja kilikuwa hakina mzizi hata mmoja mzima, nimekitupa. Cha pili kilikuwa na vizizi vyeupe vitatu, vyembamba. Nimekipanda mchangani. Kimesimama. Majani yake ya chini yalidondoka yote, na jana Ruwaida amenionyesha kijichwa kidogo cha kijani, kama kichwa cha kiberiti. Sijui kama kitafika. Tui linapita, ahsante.

Nimeandika hii kwa siku mbili, kwa sababu mkono unachoka, na kuna neno moja lazima nikwambie kabla hujaniulizia kwa watu.

Jana niliwakusanya Jafar na nduguze, nikawaandikia wasia, maalim akausoma mbele yao. Nimewausia kwamba nikifa asubuhi nizikwe adhuhuri, na nikifa jioni nizikwe asubuhi yake. Nisiwekwe kumsubiri mtu yeyote, hata awe mwanangu aliyeko safarini. Hata awe Zubeda. Nimelitaja jina lako, nikawaambia, akija amechelewa akilia, mwacheni alie, lakini msiwe mmenisubirisha. Nililomfanyia mama ndilo nililoliona la haki, na siwezi kujitakia mimi lililo tofauti na alilolipata yeye.

Siku ile hapakuwa na mtu wa kukuambia mapema. Wewe nimekuambia.

Kakako,
Khatibu


Mtongwe, Likoni, chumbani kwangu
Jumapili, 29 Juni 2025

Zubeda,

Shikamoo yako ya mlangoni niliiitikia kwa kichwa, sasa naiandika: marahaba, mamangu, marahaba. Umekaa hapa kwenye kiti cha Ruwaida, umenitazama nikikuandikia, na tangu jana mchana ulipoingia na kikapu chako hujanyamaza. Umewagombeza watoto kwa kuniwekea mto mrefu, umemfundisha Jafar kutoboa mikebe aliyoitoboa zamani, umelia, umekula, umelia tena. Mimi nimenyamaza kwa lazima, na nadhani ndiyo mara ya kwanza umenishinda kwa maneno na nikapenda.

Usiku umeniuliza tena kama nilikosea. Nikatikisa kichwa kukataa, ukageuka ukutani. Sitakudanganya kwa sababu nakufa. Lakini umelala umeuelekea ukuta ule na mimi nimekesha nikiufikiri uso, maana uliandika kwamba umekasirikia uso, na mimi nilikujibu kwa wasia wa mazishi. Nilikuwa nakujibu swali ambalo hukuniuliza.

Uso wa mama niliuona mimi. Waosha walimwona nyumbani, lakini wa mwisho kabisa kumwona ni mimi, kwa sababu ndiye niliyeshuka kaburini kumpokea. Nakuandikia nilichokiona, soma kimya kimya.

Walitanda shuka juu ya kaburi kwa sitara, kwa hiyo ndani kulikuwa na mwanga wa kijani, mdogo. Nilimlaza kwenye mwanandani, ule mfuko wa ndani ya kaburi, kwa ubavu wa kulia. Fundo la sanda la kichwani lilikuwa limekazwa, likanichukua muda. Nilipolifungua nikaufunua uso ili shavu liguse udongo, kama inavyotakiwa. Alinuka kafuri na, chini ya kafuri, wallahi, alinuka mafuta yake ya nazi. Mdomo ulikuwa umefumba upande mmoja tu, kama anapokuwa na sindano mdomoni akishona. Ile alama ya kuungua na mafuta ya mahamri karibu na sikio ilikuwa imefifia, sikuiona hadi nilipoitafuta. Mikunjo ya paji la uso ilikuwa imekwisha, amekuwa kama kwenye ile picha ya arusi ya shangazi. Hakuwa kama amelala. Wanaosema hivyo hawakumtazama. Ushi wake wa kushoto, zile nywele za juu ya jicho, ulikuwa umepanda juu kidogo, vile vile alivyokuwa akitusikiliza mimi nawe tulipokuwa tukimdanganya.

Nikainama sikioni mwake. Nikamwambia, "Mama, Zubeda yuko Mtwapa. Magari yamefungana. Anakuja." Nilimwambia mara nyingi, sijui ngapi, hadi walioko juu wakaniita wakaniuliza kuna nini. Ule ushi haukushuka. Nikasema hakuna kitu, nikaanza kupanga mbao.

Hilo sijamwambia mtu, hata Ruwaida. Wangesema Khatibu amezungumza na maiti.

Hapo nilipoandika juu ya ushi mwandiko umevurugika. Kama hausomeki, nionyeshe kwa kidole, nitakuandikia tena.

Kakako,
Khatibu